Siku Tatu Katika Mji wa Prague

  Asubuhi hii mtasikia sauti mbili zikipokezana badala ya moja, maana habari tuliyo nayo ni ya watu wawili, mume na mkewe, nasi tuliiandika pamoja mezani, mmoja akisema na mwingine akifuta. Basi mtuvumilie tukisema "sisi" kila mara. Na pale tutakaposema "mmoja wetu", tafadhali msituulize ni yupi.

Tulioana mwezi wa Aprili mwaka 1982. Fungate yetu ilikuwa kupalilia mahindi ya mama mkwe, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha vizuri na magugu hayamngoji bibi arusi. Mwaka 2022 tulipotimiza miaka 40 ya ndoa, binti yetu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Dresden huko Ujerumani, alitualika tumtembelee. Tulipofika alitukabidhi bahasha. Ndani yake mlikuwa na tikiti mbili za garimoshi za kwenda Prague, mji mkuu wa nchi ya Cheki, pamoja na malazi ya siku mbili. Akatuambia, "Baba, Mama, nendeni peke yenu. Mimi kifungua mimba wenu nawapa fungate ambayo hamkupata."

Lishikeni neno hilo, kifungua mimba. Tutalirudia.

Kutoka Dresden hadi Prague ni mwendo wa kama saa mbili na nusu, na njia yafuata mto Elbe, ambao Wacheki wauita Labe. Mto ule wapita katikati ya majabali makubwa, nasi tulikaa dirishani kama watoto wa shule. Prague wenyewe umejengwa kando ya mto mwingine, Vltava. Ni mji wa kale sana. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1348, na daraja lake maarufu, daraja la Charles, lilianza kujengwa mwaka 1357 kwa amri ya Kaisari Charles wa Nne. Barabara za mji wa kale zimetandikwa mawe madogo madogo, tena si sawasawa. Mmoja wetu alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Kufikia saa sita mchana alikuwa ametubu.

Jambo la kwanza ambalo wageni wote hukimbilia ni saa kubwa iliyo kwenye mnara wa jumba la baraza la mji. Saa hiyo ilitengenezwa mwaka 1410, na mpaka leo inakwenda. Yaonyesha si wakati tu, bali na mwendo wa jua na wa mwezi. Kila saa, kuanzia asubuhi hadi usiku, sanamu ya mifupa ya mtu yavuta kamba ya kengele, na juu yake madirisha mawili madogo yafunguka, na mitume kumi na wawili wapita mmoja mmoja wakiwatazama watu. Kisha madirisha yafungwa, naye jogoo awika. Mitume wa zamani waliungua vitani mwezi wa Mei mwaka 1945, na hawa wa sasa walichongwa baada ya hapo. Haichukui hata dakika moja. Siku ile mamia ya watu waliinua simu zao juu kupiga picha, na mmoja wetu alikuwa akitafuta miwani mfukoni, akawakosa mitume wote, hata Petro. Ikatubidi tungoje saa nzima.

Tukiwa tunangoja ndipo tulipoangalia chini. Hapo penye sakafu ya mawe, karibu na mnara, kuna misalaba myeupe 27. Tulikuwa tumesimama juu yake bila kujua, na vijana waliokuwa karibu nasi walikuwa juu yake pia wakila aiskrimu. Ukutani pana kibao chenye majina. Hao ni watu 27 waliouawa mahali pale tarehe 21 Juni mwaka 1621. Walikuwa mabwana wa nchi na raia wa mji, karibu wote Waprotestanti, walioasi utawala wa Kaisari na kushindwa katika vita vya Mlima Mweupe tarehe 8 Novemba mwaka 1620. Tusiwafanye wote kuwa malaika, maana ndani ya ugomvi ule mlikuwa na siasa na mali pia. Vichwa kumi na viwili vilitundikwa kwenye mnara wa daraja, vikakaa huko miaka kumi, ili kila avukaye avione. Leo yeyote ajuaye kusoma aweza kuyasoma majina yao, herufi kwa herufi.

Tulisogea pembeni ya misalaba. Vijana wale walitutazama, wakaangalia chini, nao wakasogea.

Katikati ya uwanja huohuo imesimama sanamu kubwa ya Jan Hus, iliyowekwa mwaka 1915, miaka 500 kamili baada ya kifo chake. Wengi wetu tuliofundishwa habari za Martin Luther hatukuambiwa sana habari za huyu, aliyemtangulia kwa miaka mia. Kesho yake asubuhi tulikwenda kuiona Kanisa ya Bethlehemu, kama watu wa huko waiitavyo, mahali alipohubiri tangu mwaka 1402. Si kanisa la fahari. Ni chumba kikubwa cha kuta nyeupe, chenye kisima ndani yake, kilichojengwa ili watu wapata elfu tatu wasikie mahubiri kwa Kicheki, lugha waliyonyonya kwa mama zao, wakati ambapo ibada zilisomwa kwa Kilatini. Wazee wetu walioshika Biblia ya kwanza kwa lugha ya nyumbani wangeelewa mara moja kwa nini watu walijazana mle.

Hus aliitwa kwenye baraza kuu la kanisa huko Konstanz, akapewa barua ya mfalme Sigismund ya kumhakikishia usalama safarini. Barua haikumsaidia. Alitiwa gerezani, na tarehe 6 Julai mwaka 1415 akachomwa moto akiwa hai, na majivu yake yakatupwa katika mto Rhine. Waliomwua hawakutaka pawe na kaburi ambalo watu wangeliendea. Hata kanisa lake nalo lilibomolewa mwaka 1786, likajengwa upya katika miaka ya 1950 juu ya mabaki ya kuta za kale. Lakini ndugu zetu wa Kanisa la Moravian kule Tanzania, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wanahesabu ukoo wao wa imani kuanzia kwa wafuasi wa mtu huyu asiye na kaburi.

Tulipofika kwenye maneno hayo, majivu mtoni na kukosa kaburi, mmoja wetu alitoka nje. Mwingine alidhani ni miguu inauma.

Jioni ile tulikula chakula cha nchi, nyama ya mchuzi pamoja na vipande vya mkate uliochemshwa badala ya kuokwa, ambao wauita knedlíky. Si vibaya, ila mkono ulikuwa ukitafuta ugali. Tulizungumza machache. Tulivuka daraja la Charles gizani, lenye urefu wa zaidi ya mita 500 na sanamu 30 za watakatifu pande zote mbili, na taa za kasri zikiangaza mlimani. Mahali kama hapo mume na mke wanatazamiwa kushikana mikono. Sisi kila mmoja alishika mfuko wake.

Siku ya tatu tulikuwa tumeipangia kasri lile, na kanisa kuu lililo ndani yake, ambalo lilianza kujengwa mwaka 1344 na kumalizika mwaka 1929. Tikiti tulikuwa tumekwisha kulipia. Kabla ya kupanda mlima tukasema tupitie kwanza mtaa wa kale wa Wayahudi, kwa muda wa saa moja tu, maana garimoshi la kurudi lilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Katika mtaa huo kuna sinagogi iitwayo Pinkas, iliyojengwa katika miaka ya 1500. Mlangoni Baba alipewa kikofia cha karatasi cha kufunika kichwa, kwa heshima ya mahali. Tukaingia. Hakuna sanamu mle, wala dhahabu. Kuna kuta, na kuta zimejaa maandishi, toka chini hadi juu, chumba baada ya chumba, kwa herufi ndogo za mkono nyeusi na nyekundu. Tulidhani ni maandiko. Tulipokaribia tukaona ni majina. Ni majina ya Wayahudi wa nchi ile waliouawa na utawala wa Hitler, karibu 80,000, yamepangwa kwa miji yao na kwa jamaa zao. Na baada ya kila jina tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya mwisho ambayo mtu huyo alijulikana yu hai. Wengi hawana kaburi popote. Majina hayo yaliandikwa kwanza katika miaka ya 1950. Baadaye maji ya ardhini yakaziharibu kuta, sinagogi ikafungwa mwaka 1968, na maandishi yakaondolewa. Katika miaka ya 1990 yakaandikwa tena yote, jina moja moja, kwa mkono.

Tulikwenda polepole kando ya ukuta, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mmoja wetu akasimama. Kidole chake kilikuwa hewani, karibu na ukuta bila kuugusa, mahali palipoandikwa jina la mtoto aliyezaliwa mwaka 1941, na tarehe ya mwisho ilikuwa mwaka 1942. Mwingine akaja akasimama hapo. Tukapiga hesabu, kila mtu kimoyomoyo. Kisha tukasema kwa pamoja, kwa sauti ya chini, "Mwaka mmoja na miezi miwili."

Wasikilizaji, hatujapata kuyasema haya hadharani, na tumepata ruhusa ya watoto wetu kuyasema leo. Binti yetu wa Dresden si kifungua mimba. Mwaka 1983 tulipata mtoto wa kiume. Wakati huo tulikuwa tukifundisha katika shule ya msingi upande wa Kitui, mbali na kwetu. Mwaka 1984, mwaka ule wa njaa, aliugua surua. Hospitali ilikuwa mbali, gari lilikuwa la kungojwa, tukafika jioni mno. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Hatukuwa na uwezo wa kumsafirisha mpaka nyumbani, basi tulimzika kwenye kiwanja cha kanisa, chini ya mti, na fundi wa shule akatutengenezea msalaba wa mbao. Tulihamishwa baada ya miaka mitatu. Tuliporudi kupatazama mahali pale mwaka 1994, mchwa walikuwa wameumaliza msalaba, mti umekatwa, na kanisa lilikuwa limepanuliwa upande ule. Tuliuliza. Hakuna aliyekumbuka.

Mnajua desturi yetu. Mtu akizaa, huacha kuitwa kwa jina lake, akaitwa Baba wa fulani na Mama wa fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili majirani, wauza duka, hata mwalimu mkuu, walituita kwa jina la mwanetu. Baada ya mazishi wakaacha. Walifanya hivyo kwa upole, ili wasitukumbushe. Tukawa Mwalimu na Bi. Mwalimu. Alipozaliwa binti yetu mwaka 1986, watu wakapumua, wakaanza kutuita kwa jina lake, nasi tukaitika. Wazee walitusomea habari za Ayubu, wakatuambia tusilie sana, sisi vijana, tutapata wengine. Hatusemi walikuwa na nia mbaya. Ila tangu siku hiyo jina la mtoto yule halikutajwa nyumbani mwetu, hata katika sala. Kila mmoja wetu alinyamaza akidhani anamhurumia mwenzake. Miaka 38, ndugu zangu! Tumelea watoto wanne, tumejenga nyumba, tumegombana juu ya karo na juu ya ng'ombe, tumepatana, na neno hilo moja halikupita kati yetu.

Hatulinganishi msiba wetu na wa watu wale. Mwana wetu aliuawa na ugonjwa, mikononi mwetu, akifunikwa kwa blanketi lake. Wale waliuawa na wanadamu wenzao, kwa orodha na kwa ratiba za garimoshi. Mambo haya hayafanani, na anayesema yanafanana hajasimama mbele ya ukuta ule. Lakini ukuta ule ndio uliotufungua kinywa.

Ghorofani kuna michoro ya watoto. Kilomita kama 60 kaskazini ya Prague kuna mji wa ngome uitwao Terezín, ambao Wanazi waliugeuza kuwa kifungo cha Wayahudi. Mama mmoja msanii, Friedl Dicker-Brandeis, aliyekuwa mfungwa mle, aliwafundisha watoto kuchora kwa karatasi zozote zilizopatikana. Walichora nyumba, maua, vipepeo. Mwaka 1944, alipokuwa karibu kupelekwa Auschwitz, ambako aliuawa mwezi wa Oktoba, aliacha masanduku mawili ya michoro, yapata 4,500. Wengi wa watoto waliuawa pia. Michoro mingi ina jina la mtoto aliyeichora, kwa mwandiko wa mtoto, mwingine umepinda kama wa wanafunzi wetu wa darasa la pili. Sisi ni walimu. Tumesahihisha madaftari maelfu. Tulisimama pale muda ambao hatuwezi kuwaambia.

Mmoja wetu akasema saa ya kasri imefika. Mwingine akasema, "Nenda wewe." Basi hatukwenda.

Tulitoka tukaingia makaburi ya kale yaliyo kando ya sinagogi. Mawe ya makaburi yapata 12,000 yamesongamana pale, yameinama, yameegemeana, kwa sababu Wayahudi hawakupewa ardhi zaidi, ikabidi wazike tabaka juu ya tabaka, tangu miaka ya 1400 hadi mwaka 1787. Juu ya mawe mengi wageni wameweka vijiwe vidogo. Ni desturi ya Wayahudi, ya kuonyesha kwamba mtu amefika, amekumbuka. Pale, tukiwa tumesimama chini ya miti, tulilitaja jina la mwanetu. Mmoja alianza, mwingine akalirudia. Halafu tukaambiana mambo ambayo kila mmoja alikuwa akiyahifadhi peke yake: kwamba aliogopa kuku, kwamba alikuwa na meno sita, kwamba mmoja wetu alimlaumu mwenzake kwa ajili ya gari lililochelewa, akamlaumu miaka mingi, na mwenzake alijua. Hilo la mwisho lilichukua muda. Halikumalizika siku ile, tena tusiwadanganye, mpaka leo tunaendelea nalo. Lakini tulipotoka langoni tulikuwa tumeshikana mikono, na mbele ya ngazi, nje kabisa ya ukuta, mmoja wetu aliinama akaokota kijiwe kimoja cha barabarani akakitia mfukoni.

Msikilizaji, pengine nawe unaye mtoto ambaye humhesabu watu wakikuuliza una watoto wangapi. Pengine ni mwenzako wa nyumbani ndiye asiyemhesabu, nawe hujamwuliza kwa nini. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, twasoma kwamba wana wa Israeli walipovuka Yordani waliagizwa kutoa mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha, na sababu yake imeelezwa wazi: watoto watakapoyaona watauliza, na wazazi itawapasa wajibu. Tumelihubiri fungu hilo mara nyingi katika shule ya Jumapili, tukikazia maji yaliyosimama. Sehemu ile ya watoto kuuliza tuliipita haraka.

Garimoshi lilitufikisha Dresden usiku. Binti yetu alitupokea kituoni, akatuuliza kasri ni zuri namna gani, tukamwambia hatukufika. Akashangaa sana, tikiti zilikuwa za bei. Nyumbani alichukua makoti yetu ayatundike, na kwa mazoea ya uuguzi akapapasa mifuko kwanza. Akatoa kile kijiwe, akakiweka kwenye kiganja, akatutazama.

"Hiki nacho ni cha nini?"

Tulimwambia aketi. Tukamwambia, "Mama, wewe si kifungua mimba. Wewe ni wa pili." Alikaa kimya kitambo, kijiwe kikiwa bado mkononi. Kisha akauliza kaka yake aliitwa nani, nasi tukamwambia.